Tumbo halitulii: nimwone daktari lini?

Mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, sasa Uingereza

Shikamooni wakubwa. Tangu Ramadhani iishe tumbo langu halina amani. Gesi, kiungulia kila usiku, choo leo kigumu kesho laini. Famasi waliniuzia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Nikimeza napata nafuu, nikiacha kinarudi palepale. Mama huko nyumbani ananihimiza tangawizi na habasoda. Kwenda kwa daktari naona haya, nisije nikaonekana nimepeleka gesi hospitali.

Muuguzi mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu. Tangawizi kidogo kunywa, kwa wengi haina ugomvi. Omeprazole ndiyo inayonitia wasiwasi, maana inatuliza maumivu na kumfanya mtu aahirishe kwenda kupimwa. Hata hapa Tanga ndivyo tulivyo: duka la dawa kwanza, hospitali ya Bombo tukishachoka.

Kiungulia kikikushika karibu kila siku kwa wiki 3, au choo kikibadilika kwa muda huo, nenda. Wewe umeshapita hapo. Na hizo wiki usizingoje ukiona damu chooni, choo cheusi kinachonata kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo hukifanya cheusi, kwa hiyo kama unavimeza, vitaje), chakula kinakwama kooni, au unakonda bila kujinyima. Ukitapika damu, piga 999, namba ya dharura ya huko.

Sasa jambo ambalo nyie wa huko hamlisemi. Daktari mwambie wazi kwamba umekulia Tanga, ukicheza pekupeku kwenye udongo. Kuna mnyoo aitwaye strongiloidi, huingia kwa ngozi ya mguu na huzaliana humohumo mwilini, hivyo mtu anaweza kukaa naye miaka kwa makumi baada ya kuhama. Wengine hawaoni dalili yoyote. Kupima choo mara moja mara nyingi hakumwoni; kipo kipimo cha damu. Balaa lake ni pale unapopewa dawa za steroidi, kama prednisolone au dexamethasone, kwa ugonjwa mwingine: kinga inashuka, minyoo inasambaa mwilini, na hapo inaua. Dawa ipo, ivermectin, tena si ya muda mrefu. Sisemi ndicho kinachokusumbua, lakini daktari wa huko hatakifikiria asipojua ulikotoka.

Na kama unameza dawa ya maumivu kama diclofenac kwa ajili ya mgongo, litaje hilo kabla ya yote. Dawa hizo huchubua tumbo.

Mdau wa Birmingham

Shikamoo bibi, umenena. Dada, miadi ya GP, yaani daktari wa mtaani kwako, ni kama dakika 10 tu, kwa hiyo andika kila kitu kwenye karatasi: ilianza lini, unameza nini, ulikulia wapi. Ukiona tabu kueleza mambo ya choo kwa Kiingereza, omba mkalimani wakati wa kuchukua miadi, hulipi. Mtoto usimtume kazi hiyo, kuna mambo utayaficha mbele yake. Na daktari wa kike unaruhusiwa kumwomba.

Mzaliwa wa Ngamiani

Ahsanteni sana. Miadi nimepata Alhamisi. Bibi, omeprazole niiache leo?

Muuguzi mstaafu, Tanga

Wapigie uwaulize kwanza. Wakitaka kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, kwa pumzi au kwa choo, omeprazole huachwa wiki 2 kabla na antibaotiki wiki 4, la sivyo jibu linaweza kuja safi nawe unaye. Wao ndio watakaokupangia tarehe ya kuacha.