Video yako ilipovuma, nani alifaidi? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na anapenda sana kucheza singeli. Mwaka jana alibuni staili yake: anainama kana kwamba anafunga kamba za viatu, anainuka na bega moja, halafu miguu inachanganya. Akaiposti akiwa uani kwetu, nyuma yake ndoo za maji na nguo zimeanikwa. Hazikupita wiki nyingi, staili ileile tukaiona kwa wachezaji wenye majina, kwenye kumbi, hadi kwenye tangazo la duka moja la simu. Hata ile ya kufunga viatu wameiacha kama ilivyo. Jina la mtoto halipo popote. Alipoandika komenti kudai ni yake, akablokiwa.

Najua si yeye wa kwanza. Mwaka 2019 binti wa miaka 14 wa pembezoni mwa Atlanta, Marekani, Jalaiah Harmon, alitunga mchezo uitwao Renegade. Ukachezwa TikTok na mamilioni, na sifa zikaenda kwa wengine wenye wafuasi wengi, hasa Charli D'Amelio. Dunia ilimjua mwenye mchezo Februari 2020, gazeti la New York Times lilipoandika habari zake. Mwezi uleule akaalikwa kuucheza Chicago kwenye tamasha la nyota wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Ilibidi gazeti kubwa liingilie kati, na sisi wa Morogoro hatuna gazeti hilo.

Naomba aliyewahi kuvuma, au kuvumishwa, atueleze ilikuwaje na alipata nini. Tusitaje majina ya kurasa wala ya watu tunaogombana nao.

Fundi Cherehani (Buguruni)

Pole sana kaka, na mpe pole mdogo wetu.

Mimi nashona magauni ya vitenge. Nilirekodi mshono wa bega lenye marinda, simu nimeiegemeza kwenye boksi la nyuzi. Sura yangu haionekani, ni mikono na cherehani tu. Siku moja mteja akanirushia video, "Dada, hii unaiweza?" Naangalia, ni mikono yangu! Pete yangu ya fedha, hina ya harusi ya binamu yangu ikiwa imeanza kufifia, futi yangu ya njano iliyochanika mwanzoni. Pembeni nilikoandika namba ya simu wamekuondoa, juu ya sauti ya redio yangu wameweka wimbo, na chini wanapokea oda.

Kilichoniuma zaidi ni wateja. Waliolipa waliletewa kitu kingine kabisa, marinda yamebandikwa na gundi. Baadhi yao walipojua mikono ni ya nani, wakanipigia mimi kunifokea.

Siku hizi jina la duka nimelitarizi kwenye kitambaa ninachotandika mezani, kinakaa chini ya kazi yenyewe katikati ya picha. Anayetaka kulikata jina itabidi akate na gauni. Na ninaanza kwa kusema kwa sauti yangu mimi ni nani na niko wapi. Wizi haujaisha, ila anayeiba sasa ananitangaza.

Mama Viazi (Mombasa)

Naandikiwa na mwanangu, simu yangu ni mulika mwizi.

Kuna kijana alikuja kwangu Majengo akala viazi karai, akanirekodi nikichovya viazi kwenye unga na kutia mafutani, na ukwaju ukimiminwa. Alikuwa na adabu, aliniomba ruhusa kwanza. Video ikaenda mbali, jamaa zetu walioko Muscat wakaiona, wakampigia mwanangu. Lakini kijana alisema tu "viazi karai vya Mombasa". Mombasa ni kubwa! Watu walivitafuta kila pembe ya mji, na wengi wakala kwingine wakidhani ndiko. Waliofika kwangu ni wale walioitambua leso yangu na ukuta wa nyuma.

Simlaumu, nia yake ilikuwa njema. Ila wanangu mnaorekodi watu, tajeni mtaa.

Msimamizi wa Kurasa (Dar es Salaam)

Nazungumza kutoka upande wa pili, maana kazi yangu ni kuendesha kurasa za biashara za watu.

Mteja anakuja na linki: "Nataka kama hii." Bajeti ya kubuni hakuna, muda wa kubuni hakuna, anataka iwe hewani kesho asubuhi. Basi unachukua staili inayotrendi, unawavalisha wafanyakazi fulana zenye nembo, wanacheza mbele ya duka. Namba zinapanda kweli, kwa sababu mtandao unasukuma kile ambacho watu tayari wanakiangalia hadi mwisho. Bosi anafurahi. Lakini nimekuwa nikiwauliza wateja wanaoingia dukani wametujuaje. Wanaikumbuka staili, wimbo wanaukumbuka, duka hawalikumbuki. Wengine wanataja duka la washindani wetu waliocheza staili hiyohiyo wiki hiyohiyo.

Video iliyowahi kuleta wateja wa kweli kwenye kurasa ninazosimamia ni ya mzee mmoja fundi wa saa, akieleza taratibu namna ya kujua saa feki kwa kuisikiliza. Haikuwa na muziki wala kiki. Watu waliitazama, wakaitumiana WhatsApp, kisha wakaja na saa zao mkononi. Hakuna ukurasa ulioweza kuiga, kwa sababu hawana yule mzee.

Kuna jambo la pili ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Wimbo unaoruhusiwa kwa mtu binafsi si lazima uruhusiwe kwa biashara. TikTok akaunti ya biashara ina maktaba yake ya muziki. Mnaukumbuka wimbo "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini? Chalenji yake ya kucheza ilianzia kwa kikundi cha Angola, Fenómenos do Semba, mwaka 2020, ikachezwa na manesi, mapolisi, mapadri. Mwaka uliofuata kampuni ya Warner Music ikadai malipo ya leseni Ujerumani kwa taasisi zilizoutumia wimbo kwenye video zao, polisi wakiwemo. Muziki unadaiwa hivyo. Wale vijana wa Angola waliobuni miondoko wakila huku wanacheza na sahani mkononi, sijasikia aliyetumiwa ankara kwa niaba yao.

Hapo ndipo namuelewa mdogo wako, kaka. Miondoko ndiyo inayobeba wimbo, na ndiyo inayochukuliwa bure.

Mkereketwa (Nairobi)

Mimi nitapinga kidogo, kwa heshima.

Kuiga ndiko kunakofanya kitu kivume. Mwaka 2010 bendi yetu ya Just A Band ilipotoa video ya wimbo "Ha-He" yenye Makmende, yule shujaa wa kubuni, Wakenya hawakuiangalia tu. Walitunga vituko vyao kumhusu, wakachora mabango yake. Bila hao tusingekuwa tunamkumbuka leo. Naye Kili Paul wa Tanzania aliigiza kuimba nyimbo za Kihindi ambazo si zake, na mwaka 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ukamtunuku, na Waziri Mkuu Modi akamtaja yeye na dadake Neema redioni. Ubunifu wake ulikuwa wapi? Ulikuwa kwake mwenyewe, na mashuka yake ya Kimaasai, na kule malishoni.

Mleta mada

Mkuu, hapo tunakubaliana kuliko unavyodhani. Kili Paul hakuwahi kumfanya mtu aamini kwamba wimbo ni wake, na Makmende kila mmoja alijua katoka kwa nani. Watoto wa Ghetto Kids wa Kampala nao walicheza "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo mwaka 2014, wimbo ukapaa na wao wakapaa, hadi 2023 wakapanda jukwaa la Britain's Got Talent kwa jina lao. Majina yote mawili yalikwenda pamoja. Mdogo wangu hakatai kuigwa. Anataka wanaomuiga waandike kametoka kwa nani kale kamchezo.

Mwanasheria Mtarajiwa (Dodoma)

Kwa kifupi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda pia kazi za uchezaji zilizotungwa, si nyimbo na vitabu pekee. Haki inaanza kazi inapotungwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi. Staili fupi ya hatua mbili tatu ni ngumu kuidai, hivyo arekodi mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho. Asifute video ya kwanza kutoka kwenye simu, maana ina tarehe. Na lile duka la simu liandikiwe barua, kwa kuwa limeitumia staili kibiashara. Usiende kugombana kwenye komenti.

Fundi Cherehani

Naunga mkono hilo la video ya kwanza. Mimi nilituma ile ambayo haijaeditiwa, redio ikisikika, kupitia fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Video yao ikashushwa.

Kaka, tuwekee ya mdogo wako hapa tuisambaze na jina lake. Na Mama Viazi, kibanda kiko karibu na nini hapo Majengo? Mwisho wa mwezi nakuja Mombasa kuchukua vitambaa.