Damu inapanda inashuka tena, tatizo liko wapi?

Mama Junior
Habari zenu jamani, naombeni mawazo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 31, mwezi wa 3 alianguka sokoni tukamkimbiza hospitali wakakuta HB (kipimo cha wingi wa damu) 6.8, akaongezewa chupa mbili na vidonge vya madini chuma, akawa freshi kabisa. Sa juzi namuona amepauka tena, nikamvuta kope ya chini ndani kweupe, ngazi chache tu anasimama anahema, kupima 7.4. Na kula anakula, matembele, maini, dagaa, mimi mwenyewe ndo nampikia. Hii damu inaenda wapi? Naogopa sana.

bintirozela
Pole dada. Mpe juisi ya rozela na bitruti asubuhi na jioni, mie ilinisaidia nikiwa mjamzito.

mtu_wa_maabara
Rozela anywe tu ila HB ya 7 juisi haitoshi jamani, na kuongezewa damu bila kujua inakoishia ndo huku kurudi kila baada ya miezi. Kwa mwanamke wa umri huo anza na hedhi, anaenda siku ngapi, pedi ngapi, mabonge yanatoka? Wengi hawasemi, wanaona ndo walivyoumbwa. Muulize pia kama anakula udongo au mchele mbichi, chuma ikipungua mwilini hamu hiyo inakuja. Choo kipimwe, minyoo ya safura inanyonya damu kidogo kidogo huko kwenye utumbo, na malaria nayo inapasua chembe nyekundu. Muombe daktari FBP nzima, yaani kipimo kamili cha damu, sio HB peke yake, chembe zikiwa ndogo mara nyingi ni upungufu wa chuma, zikiwa kubwa wanafikiria upungufu wa foliki asidi au vitamini B12. Halafu vidonge anamezea nini?

Mzee wa Chumbageni
Mama yangu hedhi alishaacha zamani, tukahangaika na minyoo na malaria wee, kumbe zile dawa za maumivu ya magoti alizokuwa anameza kila siku zilimletea vidonda vya tumbo vinavuja ndani kwa ndani. Choo cheusi kinanata kama lami na hajameza kidonge cha chuma hata kimoja, maana navyo vinaleta choo cheusi, kwa aibu hakutuambia. Na figo mpime, zikiharibika nazo damu inapungua.

Mama Junior
Nimekaa naye chumbani nikamuuliza taratibu akaanza kulia. Siku 9, usiku anavaa pedi mbili na khanga anatandika chini, mabonge kama maini, tangu ajifungue mtoto wa pili. Kwenye mkoba nimekuta vipande vya udongo amevifunga kwenye leso. Vidonge anamezea chai ya maziwa.

mtu_wa_maabara
Basi apigwe ultrasaundi ya kizazi, uvimbe kwenye kizazi unaweza kuleta hedhi nzito hivyo. Vidonge amezee maji au juisi ya chungwa, chai ikae mbali kama masaa 2 maana inazuia chuma kuingia mwilini. HB ikifika 12 asiache, aendelee miezi kama 3 hivi maana akiba ya chuma mwilini inajaa mwisho. Akianza kuhema amekaa tu au moyo kwenda mbio, msingoje kuche.

Mama Junior
Asubuhi tunaenda, nimemwambia naingia naye hadi ndani kwa daktari.