Mrejesho: binti kaacha nyonyo

Habari zenu wapendwa. Mtakumbuka niliuliza nimwachisheje nyonyo, ile chuchu bandia ya mpira ya kutulizia mtoto, binti yangu wa miaka 2, maana alikuwa anashinda nayo mdomoni hadi meno ya mbele, ya juu na ya chini, yakawa hayakutani akiuma.

Ameacha! Wengi mlisema nipake shubiri au pilipili. Hilo sikufanya, mama mkwe hapa Ujiji akanuna kidogo, maisha yakaendelea. Nilifuata wale wa kupunguza: mchana nyonyo inakaa kabatini, anapewa ya kulalia tu. Mchana haukusumbua. Kazi ilikuwa usiku, nilipomnyima kabisa. Nampa pindo la khanga yangu alishike, namsugua mgongo, analia "nyoo, nyoo!" Baba yake huruma zikamzidi, akaanza kupekua kabati. Nilishaitupa chooni zamani, nawajua wanaume.

Sasa analala na khanga. Daktari wa meno kasema kwa umri huu meno mara nyingi hujirudi yenyewe.

Na yule mwenye mtoto wa miezi 4: asali usimchovyee kwenye nyonyo, ni hatari chini ya mwaka 1.