Premio ya 1NZ inaleta P0011, fundi anataka kushusha cheni

premio_dom: Wakuu habari. Nina Premio ya 2008, injini 1NZ-FE. Ikipata moto sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, kwenye mataa inazima. Barabara kuu inakimbia vizuri. Mashine ya kupima gari imesoma kodi ya hitilafu P0011. Fundi anasema taiming cheni (cheni inayozungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu) imevutika, nijiandae kununua mpya. Mnaonaje?

tabata_auto: Badili sensa ya kamshafti mkuu, yangu ilipona hapohapo.

fundi_kihonda: Sensa mbovu huleta kodi P0340. Tusimmalizie mwenzetu hela kwa kubahatisha.

Mkuu wa Premio, usikubali kava la cheni lifunguliwe bado. P0011 maana yake kamshafti ya valvu za kuingiza hewa imetangulia kuliko kompyuta ilivyotaka. Cheni iliyoruka jino kwa kawaida huleta P0016, yaani krenki (shafti kuu ya injini) na kamshafti hazisomani. Wewe unazima kwenye mataa lakini mwendo upo, kwa hiyo nashuku valvu ya oili ya VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, imekwama.

Chomoa stiki uitazame oili. Ikiwa nyeusi na nzito imwage, weka oili ya 5W-30 na filta mpya. Kisha chomoa soketi ya ile valvu, ina nyaya mbili, ipime kwa mita ikiwa baridi: isome ohmu 6.9 hadi 7.9. Halafu injini ikiunguruma ipe valvu hiyo umeme wa betri kwa muda mfupi. Valvu nzima itaifanya injini itetemeke au izime. Kama hakuna kilichobadilika, itoe uisafishe, na usisahau kichujio kidogo cha wavu kwenye njia yake ya oili. Mafundi wengi wanakiruka, inaniuma sana.

premio_dom: Shukrani fundi. Ila asubuhi nikiwasha inakwaruza kidogo kisha inanyamaza. Hiyo si cheni?

fundi_kihonda: Inawezekana. Tenshena, yaani kikaza cheni, inasukumwa na presha ya oili, hivyo oili mbaya nayo inaleta kelele hiyo. Ikibaki baada ya kumwaga oili, fungueni tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) tu. Zungusheni krenki kwa spana mpaka alama ya puli ikae kwenye 0. Alama za gia zote mbili za kamshafti zitazame juu. Zikiwa chini, ongezeni mzunguko mmoja kamili. Zikipishana, cheni ibadilishwe pamoja na tenshena na reli zake za kuongozea. Simama hapo uzione alama mwenyewe kabla hujatoa hela.