Naomba ushauri: MRI au altrasaundi kwa utafiti wa mazoezi na misuli ya mgongo ya wakulima wa zabibu Dodoma?

Mnyoosha_Viungo (mwanzisha uzi):

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dodoma mjini, na sasa naandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili. Kwa miaka kadhaa nimepokea wakulima wa zabibu kutoka Mpunguzi, Bihawana na Hombolo wanaolalamikia kiuno, na wengi wao husema maumivu huwashika wakati wa kupogolea na kuvuna, kwa kuwa kazi hizo humtaka mtu ainame kwa saa nyingi. Nikiwapa mazoezi hupata nafuu, lakini msimu unaofuata huwaona tena kwenye benchi lilelile.

Nataka kujua kama mazoezi ya wiki 12 huibadilisha kweli misuli inayoshikilia uti wa mgongo, hasa multifidasi, msuli ule mnene uliolala pande zote mbili za pingili za kiuno. Msimamizi wangu anapendelea MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, badala ya altrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti. Mimi nahofia gharama, na zaidi nahofia kwamba nitakusanya picha za kupendeza nisiweze kueleza maana yake. Nitumie kipimo gani, na nipime nini hasa?

Chumba_cha_Sumaku:

Ndugu Mnyoosha, kazi yangu ni kupiga picha za MRI, kwa hiyo nitaanzia huko. Tenganisha kwanza maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza ni msuli upi umefanya kazi katika zoezi fulani. Msuli uliotoka kufanya kazi nzito huwa na maji mengi zaidi kwa muda, na katika picha za T2, aina ya picha za MRI inayoonyesha maji yakiwa meupe, huonekana ukiwaka kuliko jirani yake uliokuwa umepumzika. Mng'ao huo hufifia mtu anapopumzika. Swali la pili, ambalo ndilo lako, ni kama msuli wenyewe umebadilika baada ya wiki nyingi. Hapo mng'ao wa muda ni adui. Mshiriki aliyetoka kuchimba shambani asubuhi asiingizwe kwenye mashine moja kwa moja. Apumzike kwanza, na muda wa kupumzika uwe uleule kwa kila mtu, kabla ya mazoezi na baada yake.

Pili, usipime ukubwa peke yake. Msuli wa multifidasi unapodhoofu, mafuta hujaza nafasi iliyoachwa, na mpaka wa nje unaweza kubaki palepale. Ukichora duara kuuzunguka na kuhesabu eneo la mkato, utaandika kwamba hakuna kilichopungua, kumbe nyama imeondoka na mafuta yamekaa mahali pake. Dawa yake ni mbinu ya Dixon, ambayo ilichapishwa mwaka 1984. Hidrojeni ya maji na ya mafuta hutetemeka kwa kasi zinazotofautiana kidogo ndani ya sumaku, kwa hiyo mashine hunasa ishara zinapokwenda pamoja na zinapopingana, kisha hesabu huzitenganisha kuwa picha ya maji na picha ya mafuta. Kutoka hapo unapata asilimia ya mafuta ndani ya msuli badala ya kukisia kwa jicho. Picha za T1, aina nyingine ya picha za MRI, nazo huonyesha mafuta yakiwa meupe, na kuna madaraja ya kuyapanga, lakini madaraja hayo ni mapana mno kwa mabadiliko madogo ya wiki 12.

Kipimo cha CT, yaani eksirei za mkato, kiache. Kinatumia mionzi, na sioni sababu ya kumpa mionzi mtu anayetafutiwa jibu la utafiti tu.

Jambo dogo lenye uzito: sumaku ya MRI haizimwi. Uliza kuhusu vifaa vya moyo na vyuma mwilini, na uwaulize pia wanaochomelea mageti au kukata vyuma msimu wa kiangazi kama waliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni. Wengi hawalitaji mpaka waulizwe.

Mzee_wa_Mpunguzi:

Mbukwenyi. Mimi si mtu wa tiba; nina ekari moja na nusu za zabibu. Naomba mnisikilize, kwa sababu watu mnaowazungumzia ni sisi.

Mwaka juzi nilipigwa picha ya mgongo katika hospitali moja. Aliyenisomea majibu alisema kwa haraka kwamba diski zimechoka na pingili zimelika, akanipa dawa, nikaondoka. Nilikaa miezi minne siinui hata ndoo, nikiamini mgongo wangu utakatika kama tawi kavu, na kazi ya shamba ikawaangukia wakwe zangu. Nilisimama tena baada ya binti mmoja wa mazoezi kunilazimisha kutembea. Sasa, kijana wangu, picha zako utatupatia? Nani atatusomea, na atatumia maneno gani? Pia usianze mazoezi yako wakati wa mavuno, maana hutampata mtu.

Takwimu_na_Uti:

Shikamoo mzee. Swali lako lingepaswa kuwa katika ukurasa wa kwanza wa andiko hili. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na diski zilizochakaa zilikadiriwa kuonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa sehemu kubwa ulichosomewa ni kama mvi: ni umri wako, na hakikuthibitisha chanzo cha maumivu.

Kwa Mnyoosha: usidharau altrasaundi. Utafiti unaotajwa sana kuhusu msuli huu, uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1996, ulitumia altrasaundi hiyohiyo kwa wagonjwa 39 walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza, kundi moja likipewa mazoezi mahususi na jingine lisipewe. Maumivu yaliisha kwa makundi yote mawili ndani ya wiki nne, lakini msuli ulirudia ukubwa wake kwa waliopewa mazoezi hayo. Wengine walijiona wamepona huku upande mmoja ukiwa bado mdogo. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baadaye, maumivu yalikuwa yamerudi kwa asilimia 30 ya waliofanya mazoezi na asilimia 84 ya wasiofanya. Huenda hilo ndilo benchi lako lilelile. Kwa hiyo usiishie wiki ya 12. Wafuate mpaka msimu unaofuata upite.

Udhaifu wa altrasaundi ni mkono wa mpimaji. Ukikandamiza kidogo, msuli unapungua unene. Ukibadilisha mwanga wa mashine, msuli wenye mafuta na usio na mafuta huonekana sawa. Kabla ya yote, pima watu kumi mara mbili kwa siku tofauti, bila mazoezi katikati, ujue unakosea kwa kiasi gani. Badiliko lililo dogo kuliko kosa lako usiliite badiliko. Na anayechora mipaka ya msuli asijue kama picha ni ya kabla au ya baada, wala mshiriki yuko kundi gani. Mpenda mazoezi huona nyama hata pasipo na nyama, nasema hivyo kwa upendo.

Chumba_cha_Sumaku:

Naunga mkono. Altrasaundi kwa wote, kwa sababu mashine ndogo inafika kijijini, na MRI kwa wachache waliochaguliwa kwa kura ndani ya kila kundi, ili asilimia ya mafuta ipimwe vizuri. Mashine iwe ileile na pingili zilezile, ya nne na ya tano za kiuno. Andika mapema pia utafanya nini ukikuta jambo usilolitafuta, kwa mfano dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo au uvimbe. Mtu huyo apewe rufaa siku hiyohiyo.

Mnyoosha_Viungo:

Nawashukuru. Nimebadilisha andiko: altrasaundi kwa washiriki wote, MRI ya Dixon kwa sehemu yao, kundi la ulinganisho litakalopewa mazoezi yaleyale baada ya utafiti, na ufuatiliaji wa mwaka mmoja. Naliwasilisha kwa kibali cha maadili nikiwa na utaratibu wa majibu: kila mtu ataelezwa ana kwa ana, kwa Kiswahili au Kigogo, na karatasi ya majibu haitatoka bila maelezo hayo. Mzee, tutaanza baada ya mavuno ya mwanzo wa mwaka.

Mzee_wa_Mpunguzi:

Hapo sawa. Mke wangu ameketi hapa na anauliza: kama kipimo ni cha kiunoni na nguo inapandishwa, anayepima ni mwanamume?

Mnyoosha_Viungo:

Hilo sikuliwaza, mzee, na namwomba mama anisamehe. Nitamfundisha mwenzangu wa kike apime wanawake, na kosa la mkono wake nitalipima peke yake kama langu.