Msaada wakuu: friji ikiwaka inveta inalia na kukata, fundi anasema nichomeke ukutani

Mvuvi_wa_Mikindani: Habari zenu wakuu. Niko Mikindani, Mtwara. Mke wangu anauza barafu na juisi, kwa hiyo umeme ukikatika friji ndiyo inayonitia presha. Nimenunua inveta ya wati 1000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri ya maji, volti 12, amp-saa 100. Taa, TV na feni vinapiga kazi vizuri. Friji ikitaka kuwaka tu, inveta inalia piii halafu inakata, na nyaya za betri zinapata moto mpaka plastiki inanuka. Fundi wa mtaani kaniambia nitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili, nichomeke kwenye soketi ya ukutani nyumba nzima iwake. Betri iko chumbani tunakolala na watoto. Nifanyeje?

Fundi_Ligula: Mkuu, huo waya wa plagi mbili achana nao kabisa. Ukichomoa upande mmoja, vyuma vya plagi vinabaki wazi vikiwa na volti 230, na mtoto akivishika ndiyo basi tena. Umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, unakutana na wa inveta, na inveta inaungua. Kibaya zaidi, umeme wako unaweza kutoka kupitia mita ukamkuta mtu anayetengeneza laini huko nje akiamini imezimwa. Ukitaka nyumba nzima iwake, fungiwa swichi ya chenjiova, ile ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa inveta visikutane, na fundi mwenye leseni. Kwa sasa chomeka vyombo moja kwa moja kwenye inveta.

Kuhusu kukata: friji inayokula wati 120 ikiwa inazunguka, sekunde ile ya kuwaka inaweza kuvuta mara tano au zaidi. Wati 600 kwenye volti 12 ni amp 50 na ushee. Nyaya zako zina unene gani, na urefu gani?

Mvuvi_wa_Mikindani: Za milimita 2.5, kama mita mbili hivi kila moja.

Fundi_Ligula: Hizo ni za soketi za nyumbani, kaka. Chukua multimita, kile kipimo cha volti, friji ikiwa inawaka pima kwenye betri, halafu pima pale nyaya zinapoingia kwenye inveta. Utuletee namba.

Mama_Nachingwea: Jamani, betri itoke chumbani leo hii. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, cheche moja tu inalipuka. Iweke kibarazani penye hewa, juu ya ubao, watoto wasifike. Iongezee maji ya betri, siyo ya bomba. Na huko kwenu pwani chumvi inakula vichwa vya betri, ukiona unga mweupe au wa kijani, safisha kwa maji ya magadi, kausha, paka grisi. Unapofungua anza na waya wa hasi.

Kijana_wa_Lindi: Na pasi je? Yangu ni wati 1000.

Fundi_Ligula: Pasi, jagi la umeme, hita, hapana. Betri ya volti 12, amp-saa 100 ina wati-saa 1200, na ya maji usiishushe chini ya nusu, inakufa mapema. Friji, feni, TV na taa kwa pamoja, hesabu betri itadumu kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Zima TV, friji ipate zaidi.

Mvuvi_wa_Mikindani: Betri tumeshaihamishia kibarazani. Nimepima: kwenye betri 12.1, kwenye inveta 10.3.

Fundi_Ligula: Basi karibu volti mbili zinapotelea kwenye nyaya, ndiyo huo moto unaounusa. Betri iko sawa. Nunua nyaya za shaba za milimita 25, zisizidi mita moja, vichwa vyake vibanwe kwa mashine, siyo kusokotwa kwa mkono. Weka fyuzi ya amp 100 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Friji usiiwashe kwa hizo nyaya za sasa hata kwa dakika moja. Na soma kibandiko cha inveta: zile za bei chee zisizotoa umeme wa mawimbi laini kama wa TANESCO (pure sine wave) zinafanya mota ya friji ingurume na kuchemka. Ukisikia mngurumo, zima, utuambie.