Jibu: Mama anaanza mionzi ya mdomo, ale nini?

Kaka, pole sana kwa Mama, nawe uko mbali kikazi ukimtumia hela. Nilimuuguza baba yangu hapa Dar kwa saratani hiyohiyo ya mdomo, tukitoka Tabata kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 7.

Wiki mbili za kwanza alikula vizuri, tukadhani tumevuka. Ya tatu kinywa kikachubuka, mate yakawa mazito ya kuvutika kama bamia, kila chakula akasema kina ladha ya chuma. Hapo ndipo mwili unapokwisha. Mpimeni uzito kila wiki kuanzia sasa, muandike. Ukishuka mfululizo, daktari aambiwe, msingoje nguo zimpwaye.

Katika hela unayotuma, blenda itangulie makopo ya virutubisho. Baba aliishi kwa mtori uliosagwa pamoja na nyama yake, uji wa ulezi wenye maziwa na siagi ya karanga, na parachichi. Mtindi ulimchoma, ingawa kuna wanaouweza. Ndimu, pilipili na nyanya ziwekwe kando, chai ipozwe. Supu nyepesi hujaza tumbo bure, tieni tui. Ale kidogokidogo, hata mara sita kwa siku, na dawa ya maumivu aimeze nusu saa kabla ya chakula. Kusukutua: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya kuokea (si magadi ya maharage!), mara nyingi kwa siku, kisha ateme.

Sasa kosa letu. Maumivu yalipozidi akawekewa mpira wa kulishia puani, nasi kwa huruma tukamwambia aache kabisa kumeza. Mpira wenyewe ulimwokoa, msiukatae. Lakini misuli ya koo isipotumika hudhoofika na kukakamaa, na ilimchukua miezi kurudia wali. Muulizeni daktari mapema kuhusu mazoezi ya kumeza na ya kupanua kinywa, na kama anaruhusu, Mama ameze mafunda madogo ya maji kila siku hata akiwa na mpira. Ale ameketi wima. Akipaliwa kila anywapo, au sauti ikawa kama ina maji ndani, apelekwe siku hiyohiyo, maana chakula huenda kinaingia mapafuni.

Na kama kazini watakupa likizo moja tu, usije mwanzoni. Vidonda huendelea kuuma wiki mbili tatu baada ya mionzi kwisha, wakati ndugu wameshachoka na safari za hospitali zimekoma. Kata tiketi ya wakati huo.